Kielezo cha Babu Safarini Buruburu



Wahenga walinena kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure. Sisi hatukutembea bure. Tuliondoka Mombasa asubuhi moja ya mwezi wa Agosti tukiwa watatu: baba, mama na binti yetu mwenye umri wa miaka 19. Katika mizigo yetu mlikuwa na bomba la plastiki, na ndani ya bomba hilo karatasi moja iliyokunjwa kwa uangalifu kuliko nguo zetu zote. Karatasi hiyo ndiyo iliyotutoa nyumbani, na habari zake ndizo tunazotaka kuwasimulia.

Babu yake binti huyu alizaliwa Lamu, akahamia Mji wa Kale wa Mombasa akiwa kijana, na kwa zaidi ya miaka 50 kazi yake imekuwa nakshi za milango. Kabla ya kugusa ubao, Babu huchora kielezo kwenye karatasi kwa bikari na rula, kisha hukitoboatoboa ili mistari ihamie kwenye mti. Vielezo vyake alivihifadhi katika sanduku la mbao chini ya kitanda. Mwaka jana mchwa walilivamia sanduku hilo. Kati ya vielezo zaidi ya 40 vilisalia 17, na baadhi ya hivyo vimebaki na mashimo ambayo Babu hakuyatoboa.

Msiba huo ulitufungua macho. Wajukuu wa kiume hawakuifuata kazi ya Babu: mmoja yuko bandarini, mmoja yuko Maskati, mmoja anaendesha tuktuk. Binti yetu ndiye aliyemwomba Babu amfundishe, naye Babu alicheka kwa upole akasema kwamba patasi ni kazi ya wanaume. Basi binti akatafuta mlango mwingine wa kuingilia. Aliona katika simu yake mashine inayochonga mbao kwa kuongozwa na kompyuta, na shangazi yake wa Nairobi akampasha habari za karakana ndogo mtaani Buruburu ambamo vijana hufundishwa kazi hiyo. Aliomba ruhusa ya kwenda kukaa miezi mitatu.

Babu alipoombwa kielezo kimoja cha kujifunzia, alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Karatasi yangu ikishaingia ndani ya mashine, itatokea upande gani wa dunia?" Hatukuwa na jibu. Siku ya pili alituletea kile cha nyota ya pembe nane iliyozungukwa na mnyororo, akamwambia mjukuu wake, "Ukinipotezea hiki, usinirudishie samahani." Hivyo ndivyo tulivyosafiri tukiwa na maswali matatu. Je, ni mahali pa kumwacha binti? Je, ni ujuzi wa kweli au ni mchezo wa vijana? Na je, tunamtendea Babu haki?

Treni ya asubuhi kutoka Miritini hukata kilomita zipatazo 470 hadi Syokimau. Tangu ilipoanza mwaka 2017 imezoeleka kwa watu wa Pwani kiasi kwamba abiria wengi hulala. Sisi hatukulala. Tulipopita Tsavo, ndovu wenye rangi nyekundu ya udongo walisimama mbali kama vichuguu, na binti yetu akavichora vichuguu hivyo vyenye masikio katika daftari lake. Kutoka Syokimau tulipanda treni ya mjini hadi stesheni kuu ya Nairobi, kisha tukaifuata barabara ya Landhies, tukapita soko la Muthurwa, tukaingia upande wa mashariki ya jiji, ule ambao wenyeji huuita Eastlands.

Mpwani anayefika huko kwa mara ya kwanza hushangazwa na majina. Majengo tunayo Mombasa, na huko ipo. Kaloleni tunayo Kilifi, na huko ipo. Kuna Ziwani, kuna Bahati, kuna Shauri Moyo. Si sadfa. Waislamu wenye lugha yetu walikuwa miongoni mwa wakazi wa mwanzo wa Nairobi, wakiwa wapagazi, askari, wafanyabiashara na mafundi, nao walijenga vijiji vyao kabla serikali ya kikoloni haijawapangia pa kukaa. Pumwani ilianzishwa katika miaka ya 1920 kuwa makazi rasmi ya Waafrika. Kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wengi wa watu wake walihamishiwa Shauri Moyo. Nyumba za Majengo zilijengwa kwa mtindo tunaoujua: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma. Msikiti wa Riyadha wa Pumwani unabeba jina ambalo mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa.

Shangazi anaishi hapo Pumwani. Alitupokea kwa chai ya tangawizi na mahamri, akatuonyesha chumba ambacho binti yetu angekaa. Juu ya mlango wa chumba hicho palikuwa na kipande cha ubao wa zamani chenye nakshi iliyofutikafutika kwa rangi nyingi zilizopakwa juu yake. Shangazi alisema kwamba alikikuta. Binti alipandisha kidole, akaufuata mnyororo ulioko chini ya rangi, na swali letu la kwanza likaanza kujibiwa kabla hatujakaa vizuri.

Asubuhi ya pili Shangazi alitutembeza kabla ya kutupeleka karakanani, akisema kwamba mtu asifike kwenye mashine mpya bila kuiona mikono iliyotangulia. Tulipita Kamukunji, ambako mafundi wa jua kali hugonga bati tangu alfajiri. Sauti ya nyundo zao huwezi kuitenga moja na nyingine. Ni kama mvua juu ya paa. Humo ndimo yanamotengenezwa majiko, mitungi, mikokoteni, na masanduku ya bati ambayo sote tuliyabeba kwenda shule za bweni. Tulimtazama fundi mmoja akikata duara katika bati kwa tindo na nyundo bila kuchora mstari wowote. Alipomaliza, binti yetu aliomba kulipima. Upana wa duara ulitofautiana kwa milimita mbili tu.

Kutoka hapo tulifika Gikomba, kwa wachongaji wa vinyago, wengi wao Wakamba. Sisi wa Mombasa tunawajua ndugu zao wa Changamwe. Husimuliwa kwamba sanaa hiyo ya biashara ililetwa Ukambani na Mutisya Munge wa Wamunyu, ambaye wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alichukuliwa hadi Tanganyika, akawaona wachongaji wa huko, akarudi na ujuzi wao na kuwafundisha wa kwao. Vita hivyo ndivyo vilivyoacha jina la Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam, kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliokufa kwa maelfu. Mtu mmoja alitoka katika balaa lile akiwa amebeba ufundi. Tulilitafakari jambo hilo tukiwa tumesimama katikati ya vumbi la mbao. Ujuzi wa mkono haujawahi kuwa na mpaka; husafiri pamoja na anayejifunza kwa adabu.

Basi tukapanda matatu ya 58 kuelekea Buruburu. Kwa waliozoea matatu zetu za Likoni, ya Buruburu ni maonyesho yanayotembea. Ubavuni ilikuwa na picha za wachezaji mpira, ndani taa za rangi zikicheza, na herufi zilizokatwa kwa usafi usiowezekana kwa mkasi. Binti yetu alitueleza kwamba herufi zile hukatwa na mashine yenye kisu kidogo, kinachoongozwa na kompyuta juu ya karatasi ya vinaili. Ndipo tulipofahamu kwamba mashine tuliyokuwa tukiiendea haikuwa kitu kigeni kilichoshushwa mtaani. Tayari ilikuwa inapita barabarani na kutupigia honi.

Tulipita barabara ya Jogoo, tukiziacha Kaloleni, Maringo na Jericho, tukaingia Buruburu, mtaa uliojengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970 na ambao una barabara iitwayo Rabai. Upande huu wa jiji una sanaa nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Buruburu ina chuo chake cha sanaa, Buruburu Institute of Fine Arts. Katika mitaa ya mabanda ya Mukuru kuna kikundi cha Wajukuu Art Project, ambacho mwaka 2022 kilionyesha kazi zake katika maonyesho makubwa ya Documenta mjini Kassel, Ujerumani, na kutunukiwa Tuzo ya Arnold Bode. Naye Cyrus Kabiru, aliyekulia Korogocho, ameuza duniani miwani ya ajabu anayoiunda kwa takataka za chuma na nyaya.

Karakana yenyewe ni gereji ya nyumba ya kawaida iliyopanuliwa mbele. Mwalimu wake ni mwanamke mwenye umri wa miaka 30 hivi, mzaliwa wa Maringo. Alitukaribisha kwa heshima, "Karibuni, wazazi," akatupa viti, kisha akamgeukia binti yetu na kumwambia, "Wewe hukai. Chukua rula." Wiki ya kwanza, alisema, hakuna mwanafunzi anayegusa mashine. Hupima. Hupima meza, dirisha, kikombe, kiganja chake mwenyewe, akaviandika vipimo hivyo na kuvichora kwa penseli. Ndipo huingia kwenye kompyuta, na hapo huanza na programu ya Inkscape, ambayo haiuzwi, bali hutolewa bure kwa yeyote.

Siku ile ya kwanza mwalimu alitueleza mashine zake kwa lugha ambayo hata sisi tuliielewa. Ya kwanza ni ya leza. Mwanga usioonekana kwa macho hutoka katika bomba la kioo, hupigwa na vioo vidogo hadi kwenye lenzi, nayo huukusanya kuwa nukta yenye joto la kuunguza plaiwudi au akriliki kwa mstari mwembamba sana. Sheria yake ya kwanza ni kwamba haiachwi peke yake hata kwa dakika moja, kwa maana huweza kuwasha moto. Sheria ya pili ni kwamba plastiki ya PVC haiingizwi humo kamwe, kwani ikiungua hutoa hewa ya sumu yenye klorini, inayodhuru mapafu na kuila mashine yenyewe.

Ya pili ni printa ya 3D. Hii huyeyusha uzi wa plastiki wenye unene wa milimita 1.75 kwa joto la nyuzi zipatazo 200, ikaupitisha katika tundu la milimita 0.4 na kuupanga tabaka juu ya tabaka. Kitu chenye kimo cha sentimita tano, kikipangwa kwa tabaka za milimita 0.2, huhitaji tabaka 250. Mama yetu mmoja angesema ni kama kusuka ukili: mzunguko mmoja si kitu, lakini mkeka ni mizunguko. Ya tatu ndiyo iliyotuleta. Mafundi huiita CNC: msumari wa kuchongea unaozunguka kwa kasi, ukipelekwa kushoto, kulia, juu na chini kwa amri za tarakimu.

Mwalimu hakutaka tudhani kwamba haya yameanza jana. Mashine ya kwanza ya kukata chuma kwa kuongozwa na tarakimu ilionyeshwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1952. Katika chuo hichohicho, mwaka 1998, Neil Gershenfeld alianzisha somo la kutengeneza karibu kila kitu, na kutokana na somo lile zikazaliwa karakana za wazi ziitwazo Fab Lab, ambazo leo zimeenea duniani. Chuo Kikuu cha Nairobi kina yake. Mwaka 2010 Nairobi iliandaa maonyesho ya Maker Faire Africa, yaliyowakutanisha wabunifu wa bara zima. Wapo pia vijana wa kampuni ya AB3D hapohapo Nairobi, ambao huunda printa za 3D kwa kutumia pia vipuri vilivyookolewa kutoka vifaa vya kielektroniki vilivyotupwa.

Tulimuuliza jambo ambalo mzazi yeyote angeliuliza: kazi hii inalisha? Alituonyesha rafu. Kulikuwa na vibandiko vya matatu, vibao vya majina ya maduka, vikombe vya mashindano ya mpira, kadi za harusi, na vigae vya mapambo ya ukutani. "Hivi hulipa kodi," alisema. Kisha akatuonyesha rafu ya chini yenye kazi ambazo wanafunzi wamezibuni wenyewe. "Na hivi ndivyo vitakavyowatoa hapa." Hakutuahidi utajiri. Alisema kwamba mashine ya leza hutozwa kwa dakika, kwamba umeme hukatika katikati ya kazi na kuharibu ubao mzima, na kwamba wasichana ni wachache. Ukweli huo ulitutuliza kuliko ahadi yoyote.

Ndipo bomba la plastiki likafunguliwa. Mwalimu alikitandika kielezo cha Babu mezani, akaweka mawe madogo kwenye pembe, akakitazama bila kusema neno. Swali lake la kwanza halikuwa la kazi. Aliuliza, "Hiki ni cha nani, na ameruhusu nini?" Tulimweleza hofu ya Babu. Alitikisa kichwa kukubali, akasema kwamba hofu hiyo ina msingi. Anayetafuta nakshi za Kiswahili katika intaneti hupata michoro iliyonakiliwa kutoka milango ya watu, ikiuzwa na wasioijua Lamu wala Unguja. Sisi nasi tulikumbuka kisa cha kikoi: karibu mwaka 2007 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno hilo kuwa alama yake ya biashara, hadi Wakenya wakapaza sauti, na ombi lile halikufaulu. Tangu mwaka 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za kitamaduni za jamii. Hata hivyo, sheria haiwezi kumlinda asiyejua alichonacho.

Papo hapo palifanyika mapatano mbele yetu. Kielezo hakitapigwa picha na mtu yeyote isipokuwa binti. Faili itakaa katika kompyuta ya binti na katika kifaa kimoja cha kuhifadhia ambacho Babu atakabidhiwa mkononi. Jina la Babu litaandikwa ndani ya faili yenyewe. Mwalimu aliyaandika hayo kwenye karatasi, akatia saini, nasi tukatia saini. Lilikuwa jambo dogo, lakini usiku ule tulilala.

Tulimwacha binti yetu kwa Shangazi siku ya nne. Hatutasema kwamba mama hakulia kituoni.

Sasa tuseme yaliyotokea baadaye, kama tulivyoyapata kwa simu na kama tulivyoyaona tuliporudi kumchukua mwezi wa Novemba.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa sanduku dogo la plaiwudi lenye meno ya kushikana. Alinunua plaiwudi iliyoandikwa milimita 6, akachora nafasi za milimita 6, akakata, akaunganisha. Sanduku likacheza kama jino la mtoto. Alipoipima plaiwudi ile aliikuta milimita 5.4. Alikuwa ameamini maandishi badala ya kupima. Mwalimu hakumkemea, alimwambia aliweke sanduku lile karibu na kompyuta yake na asilitupe. Bado analo.

Kisha akaingia kwenye kielezo cha Babu. Nyota ya pembe nane, kama wengi wenu mnavyojua, ni miraba miwili iliyolaliana, mmoja ukiwa umegeuzwa nyuzi 45. Kwa kompyuta kazi hiyo ni nyepesi: huchora sehemu moja ya nane, ukaigeuza kwa nyuzi 45 mara kwa mara hadi duara la nyuzi 360 litimie. Binti alifanya hivyo, akaulaza mchoro wake juu ya picha ya kielezo. Sehemu saba zililingana. Ya nane haikulingana. Tawi lake lilikuwa pana zaidi kwenye shina. Alifikiri kwamba mkono wa Babu uliteleza, akataka kusahihisha. Mwalimu alimzuia kwa maneno ambayo tangu hapo tumeyatumia mara nyingi nyumbani: "Usimsahihishe mtu kabla hujamuuliza."

Basi akampigia Babu simu. Babu ambaye hajawahi kumweleza yeyote katika familia yetu jinsi anavyochora, alikaa kwenye baraza na simu sikioni kwa karibu saa nzima. Hakukosea, alisema. Ubao wa mvule aliouchongea mlango ule ulikuwa na fundo mahali hapo. Tawi likiwa jembamba, patasi ingekutana na fundo na kulipasua. Kwa hiyo alilipanua kidogo, na aliyeingia nyumba ile kwa miaka yote hakuona lolote isipokuwa uzuri. Akaendelea kusema: namna ya kusoma mwelekeo wa nyuzi za mti, kwa nini mnyororo huanzia chini ya mwimo na kupanda, kwa nini pembe haimalizwi siku moja na tawi. Binti aliandika kurasa sita. Juma lililofuata Babu ndiye aliyepiga.

Hapo ndipo tulipofahamu jambo ambalo hatukulijua tulipoondoka. Tulidhani kwamba kujifunza mashine ni kuiacha mikono. Kumbe mashine haijui kitu. Haijui fundo, haijui mvule, haimjui Babu. Hukata kile ilichoambiwa, kwa utii wa kutisha, na aliyekosa cha kuiambia huishia kuazima maneno ya wengine. Binti yetu alilazimika kurudi kwa Babu kwa sababu mashine ilimuuliza maswali ambayo Babu pekee ndiye mwenye majibu yake.

Tulipomfuata mwezi wa Novemba alikuwa amechonga ubao mmoja wa msaji, upana wa sentimita 40, wenye ile nyota na mnyororo wake, pamoja na tawi pana mahali pake. Tuliusifu kama wazazi wanavyosifu. Yeye alikaa kimya, akasema kwamba kuna kasoro, lakini hakutaka kutuonyesha.

Babu hakuhitaji kuonyeshwa. Tuliporejea Mji wa Kale aliukalisha ubao juu ya magoti, akafumba macho, akapitisha kidole gumba ndani ya nakshi. Alifika kwenye pembe ya ndani ya nyota, akasimama. Akaenda kwenye ya pili, akasimama. "Pembe zako zimeviringika," akasema.

Binti akajibu, "Ndiyo, Babu. Msumari wa mashine ni wa duara, una upana wa milimita sita. Hauwezi kuingia kwenye pembe. Kila pembe ya ndani hubakiwa na mviringo wa milimita tatu. Ungekuwa mwembamba zaidi, mviringo ungepungua, lakini usingekwisha."

Babu alicheka kile kicheko chake cha upole, lakini safari hii hakusema habari za wanaume. Aliinuka polepole, akaenda chumbani, akarudi na patasi nyembamba yenye mpini ulioliwa na miaka mingi ya kiganja chake, pamoja na nyundo ya mti. Akaviweka juu ya ubao. "Basi mashine yako imeniachia kazi," akasema. "Njoo nikuonyeshe pembe."

Nyota ile ina pembe nane za ndani. Ya kwanza aliichonga Babu, binti akitazama. Ya pili waliichonga pamoja, mkono juu ya mkono. Ya tatu binti aliiharibu, na mpaka leo ukiutazama ubao ule utaiona. Zilizosalia anazichonga sasa, moja kila Jumamosi baada ya alasiri, barazani, na watoto wa jirani wamekwisha anza kuja kutazama.

Vielezo 16 vilivyobaki vimo katika bomba jipya, juu ya kabati, mbali na mchwa. Vinne vimekwisha chorwa upya, na kifaa cha kuhifadhia kimefungwa kwa uzi shingoni mwa Babu, pamoja na ufunguo wa nyumba. Kwa wazazi wenye kijana anayetamani ufundi huu, shauri letu ni fupi: fuateni mkaione karakana kwa macho yenu, ulizeni nani anaishi wapi na kila kitu kinagharimu nini, na kabla kijana hajaondoka, mkalisheni kwanza na mzee mwenye ujuzi nyumbani. Asiende mikono mitupu.